Notisi au nasaha: afisa mazingira aanzie wapi?

Kwa wanaofanya kazi ya kulinda ardhi na maji, kuna mabishano ya siku nyingi. Wapo wanaosema afisa mazingira ni msimamizi wa sheria, basi: akikuta majitaka yanatiririshwa mtoni achote sampuli, aandike notisi ya kuamuru uchafuzi ukome, na mhusika akikaidi amfikishe mahakamani. Wengine wanaona kazi hiyo imechelewa tangu mwanzo, kwa kuwa mto umekwisha kuchafuka. Kwao afisa wa maana ni yule anayekaa na mwenye kiwanda au mkulima, wakaelewana namna ya kurekebisha, na uchafuzi ukakoma bila kesi. Mimi naelemea upande wa notisi, ila si kila mahali, na si kwa sababu zinazotajwa sana.

Hoja ya hawa wa pili, yaani washauri, ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Uchafuzi mwingi hauna bomba. Nitrati inayozama hadi kwenye maji ya ardhini na fosforasi inayosombwa pamoja na tope, zote za mbolea na samadi, hutoka kwenye mamia ya mashamba kwa mpigo, kidogo huku na kidogo kule. Afisa akipima maji chini ya bonde akakuta nitrati imevuka miligramu 50 kwa lita, kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa, atamwandikia nani notisi? Ni vigumu kupata shamba moja ambalo kesi yake ingesimama. Tena maji ya ardhini hutembea polepole. Kinachoonekana kisimani leo huenda ni mbolea iliyomwagwa zamani na mtu aliyekwisha kuuza shamba na kuhama.

Ndiyo maana washauri hupenda kutaja New York. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka kwenye mabonde ya Catskill na Delaware, na hunywewa bila kupita kwenye mtambo wa kuchuja. Mwaka 1990 jiji lilitoa rasimu ya kanuni kali za kulinda vyanzo hivyo, na wakulima wa huko wakaja juu. Mazungumzo yakazaa utaratibu mwingine: kila shamba litengenezewe mpango wake kwa fedha za jiji, kwa mfano pa kuhifadhia samadi, uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie kijitoni, au ukanda wa miti ukingoni. Kujiunga ni hiari. Jiji likaepuka kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola.

Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Hiari ilikuwa ya mkulima mmoja mmoja. Kwa jumla yao, viongozi wa wakulima waliahidi kwamba asilimia 85 wataingia, na ile rasimu ya kanuni hakuna aliyekuwa ameisahau. Mkataba mkubwa wa mwaka 1997 wa kulinda vyanzo hivyo nao ulikuja pamoja na kanuni za kudhibiti uchafuzi katika mabonde hayo. Ushauri ulisikilizwa na watu waliojua nini kingefuata kama usingesikilizwa.

Mahali ambapo ushauri ulibaki peke yake ni Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa zilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima chenye kina kifupi, kisima namba 5, na bakteria wa E. koli aina ya O157:H7 wakaingia kwenye mabomba ya mji. Watu 7 walikufa, na zaidi ya 2,000 waliugua. Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilichunguza, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila anayeingia kazi hii. Mkulima mwenye samadi hakukutwa na kosa; alikuwa amefuata taratibu nzuri za kilimo. Kosa lilikuwa kwa waendeshaji wa maji ambao hawakutia klorini, dawa ya kuua vijidudu, ya kutosha, na pia kwa wizara ya mazingira ya jimbo iliyopaswa kuwakagua. Miaka miwili kabla, ukaguzi wa wizara hiyo ulikuwa umebaini kasoro. Maafisa wake walikuwa na mamlaka ya kutoa amri ya kisheria. Wakachagua ahadi. Meneja wa maji ya mji akaahidi kurekebisha, na hakuna mkaguzi aliyerudi kuangalia kama amerekebisha.

Kuna jambo dogo katika kisa hicho ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine. Kwenye karatasi za kila siku, waendeshaji walikuwa wakijaza kiwango cha klorini cha miligramu 0.5 au 0.75 kwa lita, siku nenda rudi. Klorini haina tabia hiyo. Hupanda na kushuka kutegemea joto la maji, uchafu uliomo na wingi wa maji yanayosukumwa. Karatasi zenye namba zinazojirudia namna ile zilikuwa zinakiri zenyewe kwamba hakuna aliyepima, na ukaguzi haukuzichambua inavyopasa. Hapo si suala la ukali wala upole, ni macho.

Upande wa notisi nao una udhaifu wake, na huu hausemwi vya kutosha. Faini ikiwa ndogo kuliko gharama ya kusafisha majitaka, inageuka kuwa ada ya kuchafua, na mwenye kiwanda anaiweka kwenye bajeti. Faini ikiwa kubwa, watu hujifunza kuficha: bomba linafunguliwa usiku wa manane, au majitaka yanachanganywa na maji safi ili kipimo kishuke wakati uzito wa sumu inayoingia mtoni ni ule ule. Baya zaidi ni ukimya. Kemikali ikimwagika, saa ya kwanza ndiyo ya kuokoa. Mtaro ukizibwa mapema, sumu haifiki mtoni. Mfanyakazi anayeogopa adhabu hupiga simu kesho yake, au hapigi kabisa. Kwa hiyo ninaunga mkono kanuni inayompunguzia adhabu anayejisema mwenyewe, hata kama mtu wa tatu ataiona ni upendeleo.

Halafu kuna suala la ushahidi, ambalo wapenda ukali hulichukulia kirahisi mno. Sampuli ya bakteria huchotwa kwa chupa iliyotakaswa. Kama maji yana klorini, ndani ya chupa huwa kumewekwa thiosalfeti ya sodiamu ili klorini isiendelee kuua bakteria njiani na maabara ikaletewa maji yanayoonekana salama. Chupa inakaa kwenye kasha la barafu, na isichelewe kufika maabara. Oksijeni iliyoyeyuka inapimwa palepale ukingoni. Sampuli nyingine inachotwa mtoni, upande wa juu kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa bomba, la sivyo mtuhumiwa atasema maji yalimfikia yakiwa tayari machafu. Kila anayeipokea chupa anasaini na kuandika saa. Wakili wa kiwanda hahitaji kujua kemia. Anauliza tu kasha lilikuwa na nani kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Afisa asiye na jibu amepoteza kesi, na kiwanda kinatoka na hati ya kuonekana kisafi.

Utafiti uliofanywa Gujarat, India, na kuchapishwa mwaka 2013 unaongeza jambo jingine. Wakaguzi binafsi walikuwa wakilipwa na viwanda vyenyewe, na vipimo vyao vilirundikana chini kidogo tu ya kiwango kinachoruhusiwa. Watafiti wakabadili utaratibu: mkaguzi apangiwe kiwanda kwa bahati nasibu, alipwe kutoka mfuko wa pamoja, na baadhi ya vipimo virudiwe na mtu mwingine. Taarifa zikawa za kweli zaidi, na viwanda vikapunguza uchafuzi. Lakini kundi hilohilo la watafiti, katika kazi ya mwaka 2018, lilionyesha kuwa kuongeza tu idadi ya ukaguzi kwa kuchagua viwanda bila mpango hakukupunguza uchafuzi kwa kiasi cha maana. Maafisa wa eneo walikuwa tayari wanawajua wachafuzi wakubwa, na ziara za nyongeza zikaishia kwa wenye makosa madogo. Hili linawapa washauri nguvu: ujuzi wa nani anafanya nini hauji kwa notisi, unakuja kwa kuzoeana.

Pamoja na hayo sibadili msimamo, kwa sababu moja. Afisa aliyemshauri mwenye kiwanda achimbe bwawa la majitaka la aina fulani, kisha bwawa likavuja, akienda kukagua anakagua ushauri wake mwenyewe. Hata awe mwadilifu vipi, ataona vigumu kuandika kwamba limeshindwa. Nasaha za kilimo zitolewe na maafisa ugani au mamlaka ya maji yenye maslahi ya moja kwa moja na chanzo, kama ilivyokuwa kwa jiji la New York, na ufahamu wao wa eneo umfikie mkaguzi. Mkaguzi abaki na kalamu ya notisi, na kwenye bomba aitumie mapema.

Ofisi nyingi hazina watu wa kugawana hivyo. Afisa ni mmoja, bonde zima ni lake. Kwake ningesema asitoe ushauri wa mdomo. Kila alichomwambia mwenye kiwanda kiandikwe, kiwe na tarehe ya mwisho na tarehe atakayorudi, na nakala ibaki kwenye jalada ambalo atakayempokea ofisi ataweza kulifungua.