Mtutu mpya hauhitaji jando la risasi hamsini

Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa Julai 1, kwa hiyo Juni ndiyo mwezi wa bunduki mpya kutolewa kwenye kasha. Na kila bunduki mpya huja na washauri wake. Mmoja atakuambia mtutu lazima uzoeshwe: piga moja, safisha, piga moja, safisha, mpaka zitimie hamsini. Mwingine atakuambia huo ni upuuzi, wewe piga tu. Mimi niko karibu zaidi na huyu wa pili, ila wa kwanza simtoi mikono mitupu. Kuna risasi kama kumi na sita ambazo mtutu mpya unazitaka kweli.

Sababu iko kooni, yaani pale chemba inapoishia na michirizi kuanza. Michirizi ya ndani ya mtutu, iwe imegongwa kwa nyundo za mashine, imesukumwa kwa kitufe cha chuma kigumu au imekwanguliwa kidogo kidogo kwa kisu, inafuata njia ya risasi. Alama zilizobakia nazo zimelala hivyo hivyo, risasi inateleza juu yake. Lakini chemba, kitundu cha nyuma inamokaa risasi, huchongwa baadaye kwa kekee inayozunguka, na kekee huacha mikwaruzo iliyokaa kwa kukingama, kama matuta barabarani. Iko pale pale michirizi inapoanzia. Risasi ikipita inakwanguliwa shaba, moto wa baruti unaigeuza shaba hiyo kuwa mvuke, na mvuke unakwenda kujipaka mbele, kwenye mtutu uliokuwa msafi. Risasi inayofuata inaikuta shaba ile na kuongeza yake. Kuzoesha mtutu ni kuacha risasi zilainishe hayo matuta, huku wewe ukiitoa shaba kila mara isije ikayafunika.

Hakuna kingine kinachotokea humo. Chuma hakikomai kwa kupigwa risasi, wala hakina vinyweleo vya kuzibwa, ingawa maneno hayo utayasikia.

Ukishaelewa hivyo, bunduki nyingi zinatoka kwenye mjadala. Mtutu uliopakwa kromi ndani, kama ilivyo kwa bunduki nyingi za kijeshi, hauzoeshwi. Kromi ni ngumu kuliko chochote utakachoipitishia. Shotigani kwa kawaida haina michirizi. .22 inapiga risasi laini iliyopakwa nta, dunia nyingine kabisa. Gobore tusilitaje. Anayebaki ni mwenye raifo ya kuwindia iliyotoka kiwandani, ya kipimo cha .30-06 au .375 H&H, zile ambazo watu wanaoelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi huwa nazo.

Watengenezaji wenyewe hawaelewani. Krieger wa Marekani wanatoa utaratibu wao: mtutu wa chuma kisichoshika kutu, moja moja mara tano, kisha tatu, kisha tano. Gale McMillan, naye mtengenezaji wa Marekani, aliupinga mtindo huu waziwazi, akisema unakula maisha ya mtutu bure. Hoja ya McMillan ina uzito kwa mpiga shabaha wa mashindano anayemaliza mtutu kwa miaka miwili. Kwa mwindaji wa Dodoma haina. Mtutu wa .375 unaishi maelfu ya risasi, na mtu anayepiga thelathini kwa mwaka atamwachia mjukuu. Kinachouma huku kwetu ni bei. Risasi za kuwindia hazinunuliwi kama misumari, na kuzimaliza kwenye kichuguu kabla hujaona hata swala ni hasara ya kujitakia.

Ndiyo maana napenda hesabu hii: moja moja mara tano, tatu tatu mara mbili, kisha tano. Jumla 16. Boksi la kawaida lina 20, kwa hiyo zinabaki nne. Na zile 16 hazipotei, kwa sababu ndizo hizo hizo za kurekebishia darubini. Tano za kwanza zipige kwenye shabaha ya mita 25, uisogeze darubini taratibu kila unaposafisha. Kumbuka darubini nyingi husogea kama milimita 7 kwa kila mlio (klik) wa kifundo cha kuirekebishia ukiwa mita 100, kwa hiyo mita 25 ni chini ya milimita 2. Ukikosea kwa sentimita 4 ni milio zaidi ya ishirini, usishangae. Zile tatu tatu zihamishie mita 100. Yote haya kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Kibali cha kumiliki silaha si ruhusa ya kupiga nyuma ya shamba lako.

Kabla ya risasi ya kwanza, chomoa boliti, lile komeo la nyuma linalofunga chemba, utazame tundu lote kwa mwanga. Bunduki hutoka kiwandani na mafuta mazito ya kuzuia kutu, wakati mwingine na chembe za chuma. Kwa huku kwetu ongeza nyigu wa udongo. Bunduki iliyosimamishwa stoo wiki mbili bila kifuniko ni nyumba nzuri kwake, na donge la udongo la ukubwa wa punje ya hindi ndani ya mtutu linaweza kupandisha mgandamizo mpaka chuma kivimbe kama chatu aliyemeza. Kausha na chemba pia. Mafuta kwenye chemba yanafanya ganda la risasi liteleze badala ya kushika kuta, na nguvu kubwa zaidi inaishia kwenye boliti, yaani upande wa uso wako.

Sasa usafishaji, ambao ndio kazi yenyewe. Dawa ziwe mbili: ya masizi ya baruti na ya shaba. Masizi hutoka kwanza, kwa sababu yanakaa juu ya shaba na kuikinga. Pitisha vitambaa viwili vyenye dawa ya masizi, brashi mara kumi hivi, vitambaa vikavu mpaka weusi uishe. Kisha kitambaa cha dawa ya shaba, usubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, upitishe kikavu. Kikitoka na rangi ya samawati au kijani, hiyo ni shaba iliyoyeyuka. Rudia mpaka kitoke cheupe. Dawa kali zina amonia: ifanyie kazi nje, usizidishe muda, na usiilaze kwenye mtutu usiku kucha ukidhani unausaidia, maana inaweza kula chuma. Dizeli na mafuta ya taa hutoa grisi, shaba haziigusi. Stiliwaya na msasa acha jikoni na kwa seremala.

Kuna mtego mmoja hapa unaowapotezea watu risasi nyingi. Brashi ya bronzi na ncha ya shaba nyeupe ya kubania kitambaa zina shaba ndani yake, na dawa haichagui. Unasafisha, kitambaa kinatoka samawati, unasema mtutu bado, unapiga tena, kumbe unayeyusha vifaa vyako mwenyewe. Kwenye dawa ya shaba tumia brashi ya naironi na ncha ya plastiki. Nashuku wengi wa wale wa risasi hamsini walifika huko kwa njia hii.

Vitambaa viwe vya pamba tupu. Vitenge vingi vya siku hizi vimechanganywa na nyuzi za plastiki, havinyonyi. Kwa .375, mraba wa sentimita 5 unatosha, kwa .30-06 punguza. Kipimo ni mkono: kisukumike kwa kukaza kidogo, kisilazimishwe.

Na vumbi. Dodoma imekalia miamba ya granaiti, na vumbi lake lina chembe za kwazi, yaani madini magumu ya mchanga, ambazo zinaweza kukwaruza chuma cha mtutu. Upepo wa Juni hadi Agosti unalipeleka popote. Kitambaa kilichoanguka chini, au fimbo iliyoegemezwa kwenye gurudumu la gari, kinaingia kwenye mtutu kama msasa wenye dawa. Weka vitambaa kwenye kopo lenye mfuniko, futa fimbo kila inapotoka. Fimbo yenyewe iwe ya kipande kimoja, iingie upande wa chemba kupitia bomba la kuiongoza. Zile za kuunganisha vipande vitatu, zinazopenyezwa mdomoni, huusugua ukingo wa mdomo upande mmoja. Ukingo huo ndio unaoiaga risasi. Ukiliwa upande mmoja, gesi hutangulia kutokea huko na kuisukuma risasi pembeni. Fimbo mbaya inaharibu mitutu mingi kuliko kutozoesha.

Piga asubuhi, saa 1 hadi saa 4. Baada ya hapo upepo unaamka, na mtutu mweusi unapata joto la jua kabla hujafyatua hata moja. Ukiushika na mkono hauvumilii hadi hesabu ya tano, uache kivulini. Mtutu wa moto unatoa mazigazi mbele ya darubini, shabaha inacheza kama iko chini ya maji, nawe unazungusha vifundo kufuata kitu ambacho hakipo. Usafishaji mmoja unachukua kama robo saa, kwa hiyo gawa kazi kwa asubuhi mbili. Kwa mwenye .375, bega litakushukuru.

Tumia risasi za kawaida, zile ambazo kichwa chake ni madini ya risasi yaliyovikwa shaba. Zile za shaba tupu, nzuri sana kwa nyati, huacha shaba nyingi zaidi. Zisubiri mpaka koo lilainike, na usafishe kabisa kabla ya kubadilisha.

Kawaida, kitambaa baada ya risasi ya kwanza ni samawati iliyokolea, na kufikia ya nne au ya tano kimepauka. Kikipauka mapema, ruka uende kwenye tatu tatu, hakuna anayekudai. Kisipopauka kwa tano, endelea moja moja hadi kumi, halafu simama. Mtutu unaozoa shaba hata baada ya hapo una ukwaru mrefu zaidi ya koo, na risasi arobaini nyingine hazitaumaliza. Huyo ni wa fundi, kwa kipande cha madini ya risasi na unga wa kusugulia, au wa kurudishwa dukani.

Zile nne zilizobaki, mbili zipige siku nyingine, mtutu ukiwa msafi na wa baridi. Mara nyingi ya kwanza hutua kando na ya pili, kwa sababu ya mabaki ya mafuta. Ipime hiyo tofauti uiandike. Ikizidi sentimita 5 kwenye mita 100, usiusafishe tena mtutu kabla ya kuingia porini. Uende na masizi yake, mdomoni umebandika utepe mwepesi wa kuzuia vumbi. Huna haja ya kuubandua unapotaka kupiga, kwani hewa iliyo mbele ya risasi inaung'oa kabla risasi yenyewe haijafika.