Nyuki wadogo tuwapeleke kwenye matikiti

Asali ya nyuki wadogo tunaijua. Inauzwa ghali kwenye vichupa, na kila mama mwenye mtoto anayekohoa ana habari yake. Kinachonisikitisha ni kwamba tunaishia hapo. Nyuki hawa wasiouma wangemfaa sana mkulima wa mboga, naye mara nyingi hajaambiwa.

Chukua tikitimaji. Ua la kike, lenye kitunda kidogo kwenye kikonyo, hufunguka asubuhi, na mchana limeshafumba. Siku yake ni hiyo moja. Chavua ya tikiti inanata, upepo hauibebi. Asipokuja mdudu aliyetoka ua la kiume, kitunda kinageuka njano na kudondoka. Akija mara chache tu, tunda linakua limepinda, upande mmoja umesinyaa. Mkulima analaumu mbegu, analaumu mbolea, kumbe waliopungua ni nyuki.

Ndani ya kitalu nyumba shida inazidi, maana nailoni inazuia wadudu. Nyuki wetu wa kawaida ni wakali. Kuwafungia humo pamoja na vibarua ni kutafuta balaa. Nyuki wadogo wakichokozwa, sanasana watang'ata na kujinasa kwenye nywele. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kiliwajaribu kwenye pilipili hoho za kitalu nyumba, na matunda yalitoka mazito zaidi, yenye mbegu nyingi, kuliko ya maua yaliyojichavusha yenyewe. Kwenye nyanya siwapigii debe: chavua yake hutoka kwa kutikiswa kwa nguvu, kazi wanayoiweza wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao.

Hofu yangu ni shoka. Soko likikua, watu wataingia msituni kupasua magogo wanamoishi nyuki hawa. Malkia wa nyuki wadogo akishaanza kutaga, tumbo humvimba na hawezi kuruka tena. Mti ukiangushwa, kundi haliwezi kumhamisha. Mara nyingi linakufa lote. Kwa hiyo mabwana shamba wawafundishe wakulima kugawa kundi walilonalo: unahamishia sehemu ya majana, yaani watoto wa nyuki, na vijungu vya chakula kwenye kisanduku kipya, kundi linajilea malkia mwingine. Kisanduku kikae kando ya matuta kabisa, kwani nyuki hawa, hasa wa jamii ndogo kabisa, hawaendi mbali. Na bomba la dawa lisubiri jioni, wakisharudi ndani.