Mchuzi si nyama, eti

Jumamosi tulikuwa na kikao cha send-off ya mtoto wa dada yangu, kwenye baa moja pale Sinza. Mnavijua vikao vyetu: kwanza sala, kisha michango, kisha nyama choma. Sinia lilipofika kwangu nikachukua ndizi na kachumbari, nikalisogeza mbele. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, akaniona. Akasimamisha zoezi la ahadi ili aniulize, mbele ya watu kama 40, kama nina gauti.

Sina, baba. Presha? Sina. Umekuwa Msabato? Hapana. Au kuna mganga kakupa mwiko? Watu wakacheka na mimi nikacheka, maana mkubwa hajibiwi hadharani. Akamalizia: "Huyu mwanangu anakula majani kama mbuzi, na alfajiri anakimbia barabarani kama kaiba kuku. Haya, mwekeeni hata mchuzi basi. Mchuzi si nyama."

Mchuzi si nyama! Mchuzi wa nini sasa, wa matofali?

Utani wenyewe haukuniuma. Baba mdogo ni mtu wa utani tangu niko darasa la pili. Kilichoniuma ni kwamba vitu viwili ninavyovipenda kuliko vyote, kukimbia na kula bila nyama, katika jiji hili lazima viwe na ugonjwa au shida nyuma yake. Ukikimbia, unafukuzwa. Ukila maharage tarehe 5, mshahara bado una joto, watu wanakuonea huruma. Maharage ni ya tarehe 25.

Wiki ya kwanza nilipoanza kukimbia, saa kumi na moja na nusu alfajiri pale Shekilango, mlinzi wa duka moja aliruka kutoka kwenye kiti chake na kirungu mkononi. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, aone nani anakuja. Nikampita nikihema, akaniuliza, "Wako wangapi?" Leo tunasalimiana, ila bado kila nikipita anatupia jicho nyuma, kwa tahadhari.

Nilikuwa na miaka 41, na pumzi yangu ilikuwa ya kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili. Basi nikafanya hiyo ndiyo hesabu: nguzo moja nakimbia, mbili natembea. Ningebaki hapo ningekuwa na akili. Lakini mimi nilitaka kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nipande Mlimani kama wale vijana wenye miguu ya swala, na nilitaka mwezi huo huo. Nikakimbia kwa nguvu kila siku kwa wiki tatu. Wiki ya nne mifupa ya miundi ikawa inauma hata nikishuka ngazi za mwendokasi kwa kushikilia chuma kama bibi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ninayekutana naye kule Mlimani, anatembea na fimbo na redio ndogo. Aliniona nimeinama nashika magoti, tumbili wananitazama kutoka juu ya ukuta. Akasema, "Binti, kimbia huku unapiga soga. Ukishindwa kuongea, unashindana na nani?" Nilidhani ananitania. Nikajaribu. Nilikuwa nakimbia taratibu kiasi kwamba muuza kahawa mwenye birika lake alinipita, tena bila kukusudia.

Na hapo ndipo pumzi ilipoanza kuja. Mwili haujifunzi uvumilivu kwa kutishwa. Ukienda taratibu kwa muda mrefu, moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na misuli inajifunza kuchoma mafuta na kuiwekea akiba ile sukari ya mwilini. Hayo hayawezi kufanyika kwa wiki mbili hata ukilia. Halafu hapa ni Dar, si Arusha. Januari na Februari jasho halikauki, linashuka tu, na moyo unapiga mbio hata kabla hujafika Bamaga. Unapunguza mwendo, basi. Aibu ya nini? Nilianza Machi, nikafika Chuo bila kusimama mwezi wa Agosti.

Tangu Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, achukue dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, watoto wa mtaani kwetu wameacha kuniita mwizi. Sasa ni "Simbu! Simbu!" Kwa mwendo wangu, hayo ni matusi. Ila nikisikia watu wanasimulia ile mbio, wanasimulia hatua za mwisho tu, yeye na yule Mjerumani wakipewa muda mmoja, 2:09:48, picha ya mstarini ndiyo ikaamua. Hakuna anayesimulia kwamba alikuwa wa 5 Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, akasubiri miaka 8 mingine. Sisi tunataka kitambi kiishe kabla ya harusi ya Jumamosi.

Viatu: nunua vya mtumba Karume, vipinde kwanza uone kama soli haijakauka. Mbwa: usikimbie. Bodaboda wanaopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu: nitawaandikia siku yao.

Turudi kwenye majani.

Kiswahili chetu kina adabu kuliko sisi. Ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa samaki, unaweza kujibiwa nyama, unaweza kujibiwa mchicha. Zote mboga, zote zinakaa pembeni ya ugali kwa heshima sawa. Sisi ndio tulioziwekea vyeo. Kwaresima tunaacha nyama na kupongezana. Pasaka ikipita, ukiendelea kuacha, wewe mgonjwa. Pale Kisutu kuna familia za Kihindi hazijapika nyama tangu enzi za babu zao, na foleni ya bajia na kachori zao tunaipanga sisi wenyewe. Hakuna anayewauliza gauti.

Na wale wanaoniambia haya ni maisha ya kizungu, waje nyumbani Jumapili. Nikitoka mbio ndefu nakuta mbaazi za nazi, jana zimechemshwa, asubuhi zimetiwa tui la kwanza moto ukiwa mdogo, na maandazi yenye iliki. Nakula nimekaa kwenye ngazi, chumvi ya jasho bado usoni. Uzungu uko wapi hapo? Au kisamvu: kimetwangwa kwenye kinu, kimechemshwa mpaka kimelegea kabisa, ndipo karanga zinaingia. Kisamvu hakikubali kuharakishwa, kitakukwaruza koo. Bibi yangu alikuwa akikipika tangu asubuhi na hakuna aliyemwita maskini, tulimwita kula.

Haya, nikubali mawili, na baba mdogo asisome hapa. Mwaka wangu wa kwanza nilipungukiwa damu. Kosa lilikuwa langu: chai ya rangi kila baada ya chakula, na chai inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini. Sasa chai inasubiri, na mchicha naukamulia ndimu, maana ndimu inasaidia madini hayo kupita. Na vitamini B12 haipo kwenye mimea, hilo halina ujanja. Mimi nakula mayai na mtindi, asiyekula anahitaji vidonge.

La pili, msile maharage usiku wa kuamkia mbio ndefu. Yaleni mchana. Usiku ni viazi vitamu au wali. Mimi nilijifanya jasiri, na nataka mjue kwamba kati ya Mwenge na Mlimani City, saa kumi na mbili asubuhi, hakuna mlango wa choo ulio wazi. Nimehesabu.

Kuhusu mchuzi, baba mdogo hayuko peke yake. Mama ntilie wangu wa pale karibu na kazini alinibishia mwaka mzima. "Dada, nimetoa nyama yote, tazama mwenyewe," huku mafuta yanaelea juu ya wali kama ramani. Jana nimefika, akanivuta pembeni. Chini ya meza kulikuwa na kisufuria chenye mfuniko, ndani kunde za nazi, na mwiko wake peke yake. "Huu haujagusa nyama. Usiseme tena."

Nikala, nikamaliza, nikatoa hela ya wali maharage. Akanirudishia mkono: leo nalipa bei ya wali nyama.

"Mbona nyama sijala?"

"Usumbufu umekula."

Nimelipa.