Si damu, ni kisutu

Kwa kuwa shoga yangu ameshaniweka status, tena anasimulia kwamba "nimemjeruhi mzee wa watu makalioni", naomba na mimi nisikilizwe. Hakuna aliyejeruhiwa. Ile ilikuwa rangi.

Mnamjua dereva wetu wa bajaji pale kijiweni, aliyembeba mama usiku ule wa mvua, Jangwani kumefungwa kwa maji, akazunguka weee mpaka tukafika hospitali. Na hela akakataa. Mtu kama huyo utampa nini, soda? Nikasema namshonea kitambaa cha siti, cha viraka, kwa mkono wangu. Na nesi aliyemhangaikia mama nikamshonea mto wa kukalia, kitambaa kilekile. Vipande vya vitenge niliokoteza kwa fundi, katikati nikabandika ua kubwa nililokata kwenye kisutu kipya cha Mtaa wa Uhuru. Kisutu mnakijua, ile kanga: cheusi, cheupe, na ule wekundu wake. Muuzaji aliapa hakichuji. Aliapa kwa mama yake, na mama yake amekaa palepale pembeni anakula embe.

Viraka juu, bitana chini, sponji katikati, halafu unapitisha uzi tabaka zote tatu. Bibi alishauri nitie sufi, maana sufi hainywi maji. Nikamwambia bibi, sufi mambo ya zamani. (Mnaotaka kucheka hapa chekeni haraka tuendelee.)

Basi, Ijumaa. Mvua imenyesha usiku kucha, bajaji imelala nje, maturubai yenyewe ya kuombea Mungu. Asubuhi jua likawaka, siti ikawa kavu kau. Kwa juu. Napanda pale Kigogo, nimevaa baibui langu jeusi, mbele kidogo anapanda mzee mmoja, kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anawahi swala Magomeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mdomo wangu! "Karibu ukae mzee, hiyo siti nimeishona mwenyewe." Akaipapasa, akasifia ua, akakaa katikati ya ua.

Mzee ana mwili. Sponji likapumua. Nilisikia kabisa, pfyuuu, kama chura aliyekanyagwa. Mzee akatulia kidogo. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Akanigeukia kwa upole kabisa:

"Binti yangu, hiki kiti kina ubaridi mzuri."

"Ndiyo ufundi wenyewe mzee."

NDIYO UFUNDI WENYEWE. Nyie, mimi niliyajibu hayo kwa kinywa changu. Na kila shimo la barabara tunalopita, mzee anaruka, anatua, sponji linapumua.

Tukafika msikitini. Mzee akashuka, akalipa, akageuka kwenda kwenye mabomba ya udhu. Hapo ndipo nikauona mgongo wa ile kanzu. Kuanzia kiunoni kushuka, nyekundu ndu, na katikati petali za ua zimejichora vizuri kuliko nilivyozikata mimi. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Mtoto mmoja akaniwahi: "Babu anavuja damu!"

Mzee akapeleka mkono nyuma. Akautazama mkono. Akasema "La ilaha" na magoti yakalegea. Wanaume wakamdaka, huyu kichwa, huyu miguu, mwingine anapiga kelele "Mlazeni ubavu!" Na sasa sikilizeni. Wakaamua awahishwe hospitali. Kwa chombo gani? Bajaji iliyo karibu. Wakambeba mzobemzobe, wakamrudisha PALEPALE juu ya ua, wakamkandamiza asianguke, na kadiri wanavyomkandamiza ndivyo damu inavyozidi. Inatiririka mpaka kwenye ngazi. Kuna aliyeanza kumlakinia shahada, kama mtu anayekata roho. Dereva wangu, roho yake ile nzuri, ameshawasha injini, analia.

Mzee mwenyewe ndiye aliyestuka: "Mbona siumwi popote?"

Kijana mmoja akainua pembe ya kitambaa, akaikamua. Yakamwagika maji mekundu. Kimya. "Nani kashona hiki kitu?"

Mzee, akiwa amelala vilevile, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Kaniambia mwenyewe."

Mengine hayana maana. Aliazimwa kanzu, akaswali. Yake nikaichukua kuifua, nikaitia jiki, imekuwa ya pinki, ameniambia nibaki nayo. Swala ilipoisha alicheka, mkewe bado. Kitambaa kimehamia kwenye benchi la kijiweni, wanakalia wenye suruali nyeusi tu, na mimi nikipita naitwa Daktari. Muuzaji wa kisutu nilimfuata, akaapa tena. Safari hii mama yake hakuwepo.

Nimekuwa nikimpigia nesi tangu jana, hapokei. Sasa hivi ndiyo ameniandikia: "Samahani mpenzi, nilikuwa zamu. Mto nimeuweka kwenye kiti changu wodini, tunaukalia kwa zamu, wenzangu wote wanataka wa kwao."

Joto la Dar mnalijua. Sare za manesi mnazijua.

Nampigia tena.