Bucha la kishua si mwenye nyumba

Katika mtaa unaopanda bei, bucha jipya ndilo hutukanwa kwanza. Taa za manjano, vigae vyeupe, jibini na soseji zilizokaushwa kaunta ya pembeni, kabati la kioo lenye nyama iliyoning'inizwa kwa majuma. Mkazi wa siku nyingi husoma bei, akaondoka. Hukumu mtaani ni fupi: muuzaji mwizi, mnunuzi limbukeni.

Hukumu hiyo imeruka hesabu. Ng'ombe wa kilo 500 akishachinjwa, akachunwa na kutolewa matumbo, hubaki takriban kilo 300. Toa mifupa na mafuta ya ziada, unabaki na kama kilo 200 za kuuza. Humo, sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo, ni kilo tano hivi. Kilo tano! Na ndiyo anayoitaka kila anayeingia. Kiwanda kikubwa hakiumizwi na hili, kwa sababu kila kiungo kina soko lake, pengine nchi nyingine. Bucha dogo linalonunua ng'ombe mzima linabaki na shingo, muundi na mbavu, na lisipoziuza, hasara inapanda juu ya bei ya sarara. Kwa hiyo zile soseji, na mchuzi wa mifupa kwenye chupa, ambao wengi wanauona ni madoido, ni namna ya kuiokoa shingo.

Kuna pia kuikalisha nyama. Siku 21 au 28 katika baridi ya nyuzi 0 hadi 4, vimeng'enya vikilainisha misuli, maji yakipotea, gamba la nje likikauka hadi likatwe na kutupwa. Kila siku inayopita, mizani inashuka na umeme unalipiwa. Nyama ya viwandani mara nyingi hukaa ndani ya plastiki isiyo na hewa, ambako uzito unaopotea ni mdogo. Tofauti ya bei ina sababu, ingawa sikatai kwamba baadhi ya maduka hutoza na taa pia.

Wanaolalamika wana hoja, na si ndogo. Nyama bora haimsaidii asiyeweza kuinunua. Wenye nyumba nao hawachelewi: duka la namna hiyo likifunguliwa, picha yake inaingia kwenye matangazo ya kupangisha. Bucha la zamani, lililokopesha hadi mwisho wa mwezi, linaweza kushindwa kodi mpya ya pango.

Lakini nani alianza kuipandisha kodi hiyo? Neil Smith, mwanajiografia, alieleza mwaka 1979 kwamba mtaji huingia mtaani pale pengo linapokuwa pana kati ya kodi ambayo ardhi inaleta sasa na ile ambayo ingeweza kuleta. Kwa maelezo hayo pengo hutangulia. Muuza nyama anakuja likiwa tayari limeonekana. Kumsusia hakulizibi.

Linaloweza kudaiwa kwake ni dogo na la haki: auze shingo na nyama ya kusaga kwa bei yake halisi, na ampimie mteja kwa fedha aliyonayo bila kumkunjia uso. Mengine yapelekwe kwa mwenye nyumba, anayekusanya kodi ya pango. Muuza nyama huyu naye mara nyingi ni mpangaji. Mkataba ukiisha atapandishiwa, na umaarufu wa duka lake mwenyewe utakuwa umechangia.