Benchi la Mzee Mance

Jumamosi iliyopita nilipeleka mzigo College Station. Wakati wa kurudi Houston nikakata kona kuingia Navasota, hapa hapa Texas, kujaza mafuta. Mji wenyewe ukipiga chafya umeshaupita. Nikaona bustani, nikaona benchi, nikakaa nile sambusa zangu zilizopoa tangu asubuhi. Upande wa pili wa benchi alikuwa amekaa mzee wa shaba na gitaa lake. Nikampiga picha, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Kaka yangu hakuchelewa: "Huyo ndiye bosi wako?"

Kaka, huyo ni Mance Lipscomb, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues, muziki wa Wamarekani weusi. Kazaliwa 1895 huko huko mabondeni kwa mto Brazos, na baba yake alizaliwa mtumwa. Jina la Mance alijipa mwenyewe, kifupi cha Emancipation, yaani kuachiwa huru. Uhuru wenyewe sasa! Karibu maisha yake yote alilima pamba kwenye ardhi ya watu, wa kugawana mavuno na mwenye shamba, na hesabu anapiga mwenye shamba. Jumamosi usiku anachukua gitaa anakwenda kuchezesha weusi wenzake. Hana ngoma, hana mpiga besi. Kidole gumba kinatwanga nyuzi nene bila kupumzika kama mchi kinuni, vidole vingine vinaimba juu yake, watu wanacheza hadi kunakucha. Nimemsikiliza njia nzima kurudi Houston na bado sijaelewa mkono mmoja unafanyaje kazi ya watu wawili.

Mwaka 1960 watafiti wa muziki Chris Strachwitz na Mack McCormick walipomfikia, alikuwa na miaka 65 na anasimamia vijana wa kufyeka nyasi kando ya barabara kuu. Santuri waliyomrekodi ndiyo iliyofungua kampuni ya santuri ya Arhoolie. Wimbo wake mmoja, unaomsema mwenye shamba wa pale pale, ulitolewa bila jina la mwimbaji. Mnaelewa kwa nini. Mwaka uliofuata yuko Berkeley, California, anapigia umati wa maelfu. Alifariki 1976. Mwaka 2005 bunge la Texas likautangaza mji wa Navasota makao makuu ya blues ya jimbo, na 2011 akawekwa pale kwenye benchi.

Sasa mimi ni mtoto wa Morogoro, kwa hiyo mnajua naelekea wapi.

Nimesoma Morogoro tangu chekechea. Msamvu nimepita mara ngapi sijui. Mwalimu gani, mjomba gani, kondakta gani aliwahi kuninyooshea kidole akasema: kijana, hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipokuwa akicharaza solo na Morogoro Jazz? Hakuna. Nilimjua redioni tu, kwenye zilipendwa, mama akipepeta mchele.

Najua mnachoandika sasa hivi. "Kabeba boksi miaka sita, leo anatufundisha kuheshimu wazee." Tulieni. Sijasema Wamarekani ni watu wema kuliko sisi. Nchi hii ilimwacha mzee Mance alime pamba ya watu hadi mvi, ikaja kumpenda alipokuwa hawezi tena kumdai mtu. Mbaraka sisi tulimpenda akiwa hai! Mwaka 1970 alikwenda na bendi yake Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipoanzisha bendi ya Super Volcano 1973 watu walimfuata. Hakuna mtafiti aliyehitaji kuja na kinasa sauti kumtoa kwenye nyasi. Kila aliyekuwa na redio, kuanzia Dar mpaka Mombasa alikokufa kwa ajali ya gari Januari 1979, alimjua.

Ndiyo maana naumia. Aliyejulikana na wilaya moja hadi uzeeni ana benchi, na aliyejulikana na nchi nzima nimekua mjini kwake bila kuoneshwa hata kibao cha bati. Mirabaha sisemi, mnaijua wenyewe.

"Sanamu ni mambo ya wazungu." Haya, na yule Askari wa pale Posta, aliyewekwa na Waingereza 1927? Mbona miadi zenu zote ni "tukutane Askari"? "Kuchonga mtu ni dhambi." Basi chongeni gitaa peke yake, gitaa halina roho. "Zahanati haina dawa wewe unataka shaba." Hili sina jibu lake la kuwashinda, ila tusidanganyane kwamba hela isiyonunua shaba inakwenda kununua dawa.

Na kama naringa, naringa kwa lipi? Nilikuwa nakula sambusa baridi na sanamu, jamani.

Jana usiku kaka akarudi grupuni. Nilidhani kaja kunichamba tena. Akasema amezungumza na fundi wa kuchomelea wa pale mtaani kwetu, benchi la chuma lenye gitaa la bati mgongoni linawezekana, kiwanja cha kuliweka watajua mbele ya safari. Kisha: "Wewe wa majuu ndiye mweka hazina. Anza wewe."

Nimemuuliza kaka, fundi anataka kiasi gani. Tangu saa tatu simu inaonesha kaka "anaandika".