Ukibadilisha mazabodi, Windows haikujui tena

Yale maandishi ya kijivu yanayokaa chini kulia kwenye skrini, yakikutaka uamilishe Windows ("activate", yaani uithibitishe kwa Microsoft kuwa ni halali), yameshazoeleka. Utayaona kwenye projekta ya semina, kwa dada wa stesheneri anayekuchapia barua, kwenye kaunta ya duka la dawa. Wengi wetu tukiyaona tunajua moja kwa moja: Windows ya wizi hiyo. Mimi nimeacha kuhukumu haraka hivyo, kwa sababu nawajua watu waliolipia Windows yao kihalali na maandishi hayo yakawatokea siku waliyoichukua laptopu kutoka kwa fundi. Mfumo huu wa kuamilisha unakagua mashine. Mtu aliyetoa pesa haumwangalii kabisa.

Mtumiaji wa kawaida aliufahamu zaidi Windows XP ilipotoka, Oktoba 2001. Kabla ya hapo, ukiwa na CD na namba yake ulikuwa umemaliza, na CD moja iliweza kuhudumia mtaa mzima. Microsoft wakaamua kuifunga programu kwenye mwili wa kompyuta. XP ilikuwa inachungulia vitu kama kumi: prosesa, kiasi cha RAM, diski, kadi ya picha, kadi ya mtandao, kisomeo cha CD na vinginevyo, inavipigia hesabu na kupata alama ya mashine hiyo, kisha inaiunganisha alama hiyo na namba uliyonunua. Ulikuwa na siku 30 za kuamilisha. Asiye na intaneti alipiga simu Microsoft, akasoma tarakimu 50 bila kukosea, halafu akaandika 42 alizosomewa. Fikiria kazi hiyo uifanye kwa vocha inayokaribia kwisha.

Wakati ule kelele nyingi zilikuwa juu ya upelelezi: kwamba Microsoft wanataka kujua una nini ndani ya kompyuta yako. Julai 2001, XP yenyewe ikiwa bado haijafika madukani, kampuni moja ya Berlin iitwayo Fully Licensed iliufungua mfumo huo na kuchapisha jinsi unavyofanya kazi. Ikaonekana kwamba kinachotumwa ni alama fupi tu, ambayo haitoshi kumjua mtu wala kujua kwa usahihi ana vifaa gani. Kwa hiyo ugomvi ulielekezwa pasipostahili. Swali lililopaswa kuulizwa ni hili: kompyuta ni kitu gani, na inaacha lini kuwa ileile?

Kanuni ya XP ilikuwa na huruma kidogo. Kadi ya mtandao ikibaki ileile, ilibidi vitu vingine sita vibadilike ndipo uambiwe uamilishe upya. Kadi hiyo ikibadilika nayo, vinne kwa jumla vilitosha. Ni kanuni ya mtu anayenunua kompyuta mpya dukani, baada ya mwaka anaongeza RAM, baada ya miaka mitatu ananunua nyingine. Siku hizi uzito mkubwa umehamia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vingine vyote. Tangu Windows 8, kompyuta zinazotoka kiwandani na Windows yake zina ufunguo uliopachikwa ndani ya mazabodi yenyewe, na leseni ya kidijitali ya Windows 10 nayo inaikumbuka mashine kwa kuitegemea zaidi mazabodi hiyo. RAM badilisha upendavyo. Ukigusa mazabodi, kwa Windows hiyo ni kompyuta nyingine.

Sasa zilete kanuni hizo Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi. Kompyuta zetu nyingi zimeshafanya kazi ofisini Ulaya au Dubai kabla hazijatufikia. Zikiharibika hatuzitupi. Fundi ana boksi la maiti, na laptopu mbili zilizokufa zinazaa moja nzima. Kwetu mazabodi ni spea kama spea nyingine, na kusema kweli huo ndio utunzaji wa mali, hata wale wanaohubiri mazingira wangepaswa kutupongeza.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka kichekesho. Chukua mteja aliyenunua laptopu mpya kabisa, leseni ikiwa ndani ya bei. Mazabodi inaungua kwa umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo, fundi anamwekea nyingine ya mtumba isiyo na ufunguo wowote ndani. Windows inamwambia hana leseni. Jirani yake alikuwa anatumia Windows ya kuchakachua tangu siku ya kwanza, naye laptopu yake imekufa, fundi akampachikia mazabodi iliyong'olewa kwenye mashine yenye leseni. Anaweka Windows upya, inajiamilisha yenyewe na kumkaribisha vizuri. Aliyelipa ameitwa mwizi, na ambaye hajawahi kulipa hata senti ameitwa halali. Mfumo hauna hitilafu yoyote hapo, umefanya kama ulivyoelekezwa.

Na mwizi mzoefu hata halioni kufuli lenyewe. Kabla XP haijaanza kuuzwa, namba iliyotengenezwa kwa ajili ya makampuni, isiyohitaji kuamilishwa, ile inayoanza na herufi FCKGW, ilikuwa imeshavuja, na mafundi wengine waliikariri kama namba ya simu ya mama mzazi. Leo njia ni nyingine. Makampuni yana utaratibu unaoitwa KMS: seva moja ndani ya kampuni inaamilisha kompyuta za wafanyakazi, mradi zifike 25, na kila moja inapewa kibali cha siku 180 kinachohuishwa. Anayekupigia Windows kwa flashi anaweza kukuwekea kijiprogramu kinachojifanya ndiyo hiyo seva, ndani ya laptopu yako mwenyewe. Kwanza kinakutaka uzime antivirusi. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vipakizi vya bandia vya KMSPico, kimojawapo cha vijiprogramu hivyo, vilivyokuwa vinaingiza programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Siwatetei wanaotumia vitu hivyo. Ila fundi mwenye foleni ya wateja, akiulizwa "hii mbona inadai leseni?", ndicho anachokipachika, hata kwenye mashine ya yule mteja aliyekwisha kulipa.

Kuna la pili, nalo ni kwamba kufuli hili halijibu lenyewe, linauliza kwa mtengenezaji. Agosti 2007 seva za Microsoft za kuthibitisha uhalali ziliharibika kwa kosa la kibinadamu, na kwa karibu siku nzima wateja halali wa XP na Vista wakaambiwa wana nakala bandia. Tarehe 8 Novemba 2018 baadhi ya wenye Windows 10 Pro waliamka wakaambiwa leseni yao ni ya Home. Yote yalirekebishwa haraka, sawa. Lakini Adobe, watengenezaji wa Photoshop, walipozima seva za kuamilisha Creative Suite 2, kifurushi chao cha programu za usanifu cha 2005, hapakuwa na wa kuulizwa tena. Januari 2013 walitoa nakala zisizohitaji kuamilishwa, pamoja na namba zake, ili wateja wasikwame. Walifanya uungwana, na hakuna kilichowalazimisha.

Wala tusiwaseme wakubwa peke yao. Vijana wetu wanaotengeneza programu za maduka na famasi wanazifunga kwa namba ya diski ya kompyuta ya kaunta, na nawaelewa, maana wakiuza nakala moja kwa mwenye duka, wiki ijayo shemeji zake wote wanayo. Lakini diski ndicho kitu kinachowahi kufa. Ikifa, mwenye duka anamtafuta kijana aliyebadilisha namba ya simu, huku hesabu za miaka zimefungiwa ndani. Kama unaandika programu za namna hiyo, mpe mteja akaunti, mruhusu mashine mbili tatu, aweze kuihamisha leseni mwenyewe, na kufuli lisizuie kamwe kusoma na kutoa data zake. Utapoteza wateja wawili wajanja na kubaki na ishirini wanaokuamini.

Microsoft wenyewe walisogea upande huo mwaka 2016, waliporuhusu leseni ya Windows 10 kuunganishwa na akaunti. Kwa hiyo kabla hujapeleka laptopu kwa fundi, ingia kwenye mipangilio uiunganishe, maana mazabodi ikishakufa utakuwa umechelewa. Haisaidii wote: leseni iliyouzwa pamoja na mashine, kwa masharti yake, haihami kwenda mashine nyingine. Ukitaka kujua yako ni ipi, fungua dirisha la amri uandike slmgr /dli. Ikijibu RETAIL, kwa kawaida unayo ya kuhamishika. Ikijibu OEM, imefungwa kwenye mashine hiyo. Ikijibu VOLUME_KMSCLIENT, na laptopu ulinunua dukani kwa matumizi ya nyumbani, rudi kwa aliyekuuzia umuulize umeajiriwa na kampuni gani.